Mama Seli na Mwalimu wa Povu

Jina la Mama Seli alipewa na wanafunzi, na hakuna aliyekumbuka tena ni darasa gani lililoanzisha. Lilitokana na mazoea yake ya kufungua mwaka kwa kitunguu. Siku ya kwanza, kabla hata hajawasalimia kidato cha kwanza vizuri, angemenya kitunguu mbele yao, akabandua ule utando mwembamba wa ndani, akaudondoshea tone la iodini na kuuweka chini ya hadubini. Kisha angewaita mmoja mmoja waje wachungulie.

"Unaona vyumba?" angeuliza. "Vile vyumba ndizo seli. Kitunguu kimejengwa kwa seli, na wewe unayechungulia umejengwa kwa seli. Tofauti yenu ni kwamba kitunguu hakichelewi shule."

Walicheka kila mwaka, naye kila mwaka aliwatazama wakicheka kama mama anayetazama wanawe wakila wakashiba.

Alikuwa binti wa mwenye bucha. Utotoni, wenzake walipocheza na wanasesere, yeye alikaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta akipulizia pafu la mbuzi kwa mrija ili aone linavyovimba. Baba yake aliwaambia wateja kwamba huyu atakuwa daktari. Hakuwa daktari, hisabati ilimwangusha. Akaenda chuo cha ualimu, na huko akagundua kwamba kulifurahia pafu peke yako ni jambo moja, na kumwonyesha mtu pafu kwa mara ya kwanza maishani mwake ni jambo jingine kabisa. Tangu hapo hakutaka kazi nyingine.

Shule aliyopangiwa ilikuwa na maabara moja tu, chumba kirefu chenye meza za saruji, masinki mawili na madirisha makubwa upande wa jua. Walimu wa sayansi walikuja wakaondoka, yeye akabaki. Kwa hiyo somo lote la utangulizi wa sayansi likamwangukia: baiolojia yake mwenyewe, kemia ambayo alijisomea usiku wa kuamkia kipindi, na historia ya sayansi, yaani habari za watu waliogundua mambo na jinsi walivyoyagundua. Kazi ilimwelemea. Kila mkutano wa walimu alinyoosha mkono na kulalamika kwamba ng'ombe mmoja amefungwa mikokoteni mitatu. Mkuu wa shule alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma na kuhamia ajenda inayofuata.

Halafu mwaka mmoja, bila mtu kutegemea, akaletwa mwalimu wa kemia.

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye koti jeupe la maabara lililopigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Alimkuta Mama Seli chumba cha walimu, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba," akajibu, na ndani kwa ndani akahisi amezeeshwa miaka kumi. Walimu wengine wote walimwita mwalimu au dada.

Mkuu wa shule aligawa kazi palepale. Mama Seli abaki na baiolojia. Kijana achukue kemia na historia ya sayansi. "Umelia sana, mwalimu," mkuu alisema akitabasamu. "Leo tumekusikia." Wenzake wakampigia makofi. Naye akapiga makofi pia, mikono ikienda yenyewe, kama mtu aliyeomba apunguziwe mzigo kisha akaona wanampokonya mtoto mgongoni.

Kipindi cha kwanza cha kijana kilitikisa jengo. Mama Seli alikuwa chumba cha walimu akisahihisha aliposikia mayowe ya furaha kutoka maabara. Kijana alikuwa amechanganya peroksaidi ya haidrojeni na sabuni ya maji kwenye chupa ndefu, akatia kijiko cha unga mweusi wa manganizi, na povu likapanda kwa kasi, likafurika na kumwagika mezani likitoa mvuke. Aliwaeleza kwamba dawa ile ni kama maji yaliyobeba oksijeni ya ziada, na kwamba ule unga umeisaidia kuutua mzigo wake haraka. Kufikia mapumziko shule nzima ilikuwa ikimwita Mwalimu wa Povu.

"Mazingaombwe," Mama Seli alimwambia mwalimu wa hisabati, mwanamke wa rika lake ambaye walikuwa chanda na pete. "Watoto wanachekeshwa. Mtihani ukija hatutaona povu, tutaona sifuri."

"Wewe na kitunguu chako huwachekeshi?" mwenzake akauliza bila kuinua macho.

"Kitunguu kina seli."

"Na povu lina oksijeni. Shoga yangu, una wivu."

Mama Seli alicheka kicheko kikavu, akageuza karatasi. Lakini neno lile lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Angeweza kuvumilia povu. Kilichomkata maini ni historia. Siku moja alipita nje ya maabara akamsikia kijana akisimulia habari za yule mfanyabiashara wa vitambaa wa karne nyingi zilizopita, aliyekuwa akisaga vioo vidogo vya kukuzia ili akague nyuzi, mwishowe akavielekeza kwenye tone la maji ya ziwa na kuona viumbe vinaogelea ambavyo hakuna aliyewahi kuviota. Hiyo ilikuwa hadithi yake. Alikuwa ameisimulia miaka yote. Aliposimama mlangoni kwa pembeni aliona kijana amefumba jicho moja, amekunja mgongo kama mzee, anageuka na kuwanong'oneza wanafunzi, "Jirani, hebu njoo. Maji yetu yana wakazi." Darasa zima lilikuwa limenyamaza. Yeye hakuwahi kuwanyamazisha namna ile. Alijaribu kutafuta kosa, mwaka au jina, asilipate.

Jioni ile, wakila, kitindamimba wake aliyekuwa kidato cha kwanza shuleni humohumo aliweka kijiko chini.

"Mama, unajua kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa..."

"Mimi ndiye niliyekusimulia. Ulikuwa hata meno hujabadilisha."

"Ndiyo, nakumbuka," binti akasema kwa upole. "Ila mwalimu anaisimulia vingine."

Mumewe, fundi viatu, mtu wa mizaha midogo, alimtupia mkewe jicho. "Kumbe siku hizi tunakula watu wanne," akasema. "Mimi, wewe, binti, na Mwalimu wa Povu." Binti akacheka. Mama Seli alijikaza kisabuni, akaomba apitishiwe chumvi.

Maana hilo ndilo lililokuwa jeraha lenyewe. Watoto wake wakubwa walikwenda kwenye biashara na udereva, hakuna aliyegusa hadubini. Huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa akikaa naye mezani kupasua maharage yaliyolowekwa ili waone kijusi cha mmea kilivyojikunja ndani. Alishamwona, kichwani mwake, akiwa mwanabaiolojia. Sasa mtoto huyo alirudi nyumbani anazungumza asidi na besi, anachemsha kabichi nyekundu apate maji yanayobadilika rangi akitia ndimu, na kila sentensi yake ya pili inaanza na "mwalimu anasema."

Wivu, kama mgeni asiyeaga, ukamfundisha vituko. Alianza kufunga kabati la hadubini na kusahau ufunguo nyumbani siku ambazo kijana alizihitaji. Akichelewa kumaliza kipindi, alijitia hamnazo huku kijana na wanafunzi wake wakingoja nje. Kijana hakuwahi kunung'unika. Alisema tu, "Hamna shida, mama," na upole ule ulimuudhi kuliko matusi.

Ikakaribia siku ya wazazi. Kila somo lingeonyesha kitu kimoja jukwaani. Mama Seli alipanga kupasua moyo wa ng'ombe, jambo alilolifanya kwa ustadi wa mwenye bucha na ulimi wa mwalimu. Kijana alipanga povu, lakini madarasa yalikuwa yamemmalizia dawa. Asubuhi ya siku yenyewe alikuja mbio, amekunja mikono ya koti, mkuu amemtwisha kazi ya kupanga viti.

"Mama, samahani. Kabatini kwako kuna peroksaidi?"

"Ipo."

"Naomba unisaidie chupa moja."

Kabatini kulikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa ya kahawia, mpya, haijafunguliwa. Nyingine ilikuwa ya kioo cheupe, dawa iliyobaki kutoka mwaka wa nyuma, na ilishakaa dirishani kwenye jua muda mrefu kabla hajairudisha kabatini. Mwalimu yeyote wa sayansi anajua kwamba dawa ile haipatani na mwanga. Huachia oksijeni yake polepole, kimyakimya, mpaka yanabaki maji tu. Ndiyo sababu huuzwa kwenye chupa za giza.

Mkono wake uliigusa ile ya kahawia. Kisha ukasogea. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba hakuamua, mkono ndio uliokwenda. Lakini alijua. Aliichukua chupa nyeupe, akapangusa vumbi lebo isomeke, akampa.

"Ahsante sana, mama. Umeniokoa," kijana akasema, akaondoka bila kuikagua. Alimwamini.

Ukumbi ulijaa. Mumewe alikaa safu ya mbele na shati lake la sikukuu. Mama Seli alikaa na walimu, akingoja kwa hamu ambayo hakutaka kuitazama usoni. Kijana alipanda, akawasalimia wazazi, akasema kwamba leo hatafanya jaribio yeye, atafanya mwanafunzi wake hodari kuliko wote. Akapanda binti wa Mama Seli, amevaa koti la mwalimu lililomfika magotini.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Mama Seli. Walitaka kumshtua.

Binti aliongea vizuri, sauti ikitetemeka kidogo mwanzoni kisha ikatulia. Alieleza habari ya oksijeni, akawaonya wazazi wa mbele wajihadhari na nguo zao. Wakacheka. Akamimina dawa, akatia sabuni, akachota unga mweusi na kuudondosha, kisha akarudi nyuma hatua kama alivyofundishwa.

Vikatoka vipovu vichache, vivivu, vikazunguka juu ya maji na kufa.

Binti akangoja. Akatia unga tena. Chupa ikawa nyeusi kama maji ya mtaro. Nyuma ya ukumbi mvulana mmoja wa kidato cha pili akasema, "Hayo ni maji," na kicheko kikasambaa safu kwa safu. Binti alimtazama mwalimu wake, halafu, kwa sababu ndivyo watoto walivyo, akamtafuta mama yake kwa macho.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mama Seli. Maabara ilikuwa mlango wa pili kutoka ukumbini. Angeweza kuinuka, kwenda na kurudi na chupa ya kahawia, na shauri lingekwisha kwa makofi. Hakuinuka. Akiinuka, kila mtu angeuliza kwa nini hakuitoa hiyo kwanza. Akaangalia magoti yake.

Mwalimu wa kemia alikuja mbele akamshika binti bega. "Wazazi, kosa ni langu," akasema. "Nilipaswa kuijaribu dawa kabla. Mwanafunzi wangu amefanya kila kitu sawasawa." Lakini watu walikuwa wameshaanza kuzungumza.

Aliyefuata ni Mama Seli. Alipasua moyo wa ng'ombe, akawaonyesha vyumba vinne na milango inayofunguka upande mmoja tu, akatia kidole kwenye mshipa mkuu. Alipigiwa makofi marefu kuliko yote ya siku ile. Aliinama, mikono imelowa damu, na hakuhisi chochote.

Walipofika tu nyumbani binti alisema, "Nitashika baiolojia, mama. Kemia basi. Tayari wameanza kuniita Maji."

Ndilo alilokuwa akilitaka mwaka mzima. Limekuja, na limekuja hivi. Mumewe alimwambia binti asijali, hata yeye alishawahi kumshonea mteja viatu vyote viwili vya kushoto. Binti hakucheka. Alikwenda jikoni kuosha vyombo, na Mama Seli akamfuata, akachukua kitambaa cha kukaushia.

"Dawa ilikuwa imekufa," akasema.

"Mwalimu ameshaniambia huenda ilikuwa ya zamani."

"Ilikuwa ya zamani. Mimi ndiye niliyempa. Nilikuwa na mpya, nikampa ile."

Binti alifunga bomba. "Ulisahau?"

"Sikusahau."

Fundi viatu akasikika akikohoa chumba cha pili.

"Ulijua ni mimi nitakayepanda?"

"Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Ungejua, ungempa mpya?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulitaka aaibike yeye tu," binti akasema. Hakupaza sauti. Alijifuta mikono kwenye sketi, akatoka, na mama mtu akabaki na sahani mkononi.

Jumatatu alimkuta kijana maabara akisuuza mabika ya kioo. Alimweleza yote amesimama, bila kutafuta maneno ya kupamba. Kijana aliendelea kusuuza bika lilelile muda mrefu.

"Kwa nini?" akauliza hatimaye.

"Wivu."

"Wivu wa nini, mama? Mimi nimefika hapa juzi. Usiku nasoma nikiogopa nitakosea. Wewe wanakupenda mpaka wamekupa jina."

"Na wewe wamekupa."

Kijana aliweka bika kwenye kitambaa. "Nashukuru umeniambia. Lakini leo sina neno jema la kukupa, nikilisema litakuwa la uongo. Wanamwita mtoto Maji. Hilo ulimalize wewe."

Akalimaliza. Alimweleza mkuu wa shule, akakanywa mlango ukiwa umefungwa, na kukanywa kule alikukubali. Kisha akasimama mbele ya kidato cha kwanza, chupa ya kahawia mezani na kijana pembeni, akasema kwamba dawa iliyoshindikana aliitoa yeye, na alijua ni mbovu. Aliyepanda jukwaani hakukosea hata kidogo.

"Kwa nini ulifanya hivyo, mwalimu?" akauliza msichana wa mbele, kwa udadisi tu.

Mama Seli alitafuta jibu la kiutu uzima, asilione. "Kwa sababu mlikuwa mnampenda sana," akasema.

Hakuna aliyecheka. Kijana aliifungua chupa ya kahawia, akamwomba binti amimine. Binti akatikisa kichwa, akabaki amekaa. Akamimina mwingine. Povu likapanda mpaka mezani, darasa likashangilia, na Mama Seli, aliyekuwa ameshatubu na kukanywa, alishangaa kuona ule mwiba wa wivu ukimchoma tena kifuani palepale pa siku zote. Alikuwa amedhani ukiungamwa utakwisha.

Muhula ule ulikuwa mrefu. Kijana aliacha kumwamkia, akawa anasema "habari za asubuhi, mwalimu," kama anavyomwambia mwingine yeyote, naye Mama Seli akaona jinsi ile shikamoo aliyoichukia ilivyokuwa na joto. Binti alizungumza naye mambo ya nyumbani tu, sabuni imekwisha, baba amechelewa. Jina la Maji lilikufa. Sasa wanafunzi walipopishana na Mama Seli waliongea kwa sauti ya chini, na mwaka uliofuata, kwa mara ya kwanza, kitunguu kilimenywa bila kicheko.

Kilichowalegeza ni kazi. Kijana alikuwa amesoma kwamba mwanakemia yuleyule aliyeitengeneza dawa ile mara ya kwanza, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, aliona pia kuwa sehemu za miili ya wanyama zinaivunja. Akajaribu kwa kipande cha ini, likatoa povu la ajabu. Akaja mpaka mezani kwa Mama Seli, amesimama mbali kidogo.

"Mwalimu, ini linafanya kazi ya unga wangu. Hapo kemia yangu inaishia. Ndani ya ini kuna nini?"

"Kimeng'enya," akasema. "Seli zenyewe hutengeneza dawa ile kidogo kidogo zikifanya kazi zake, na ni sumu kwao. Kwa hiyo zina kimeng'enya cha kuivunja haraka."

"Njoo uwaambie."

Walifundisha pamoja. Hawakuwa marafiki, ila walifundisha vizuri, yeye akikata ini kwa kisu cha bucha, kijana akimimina. Katikati ya somo Mama Seli alijikuta akisikiliza vicheko vya nani vimekuwa vikubwa zaidi. Alijua anafanya nini, akaendelea kukata.

Baada ya lile somo la ini binti aliirudia kemia, akashika masomo yote mawili, kisha mwaka wa mwisho akachagua kemia. Hakuomba ruhusa, alitaarifu. Mama Seli alisema sawa, akaingia chumbani, akakaa kitandani mpaka uso uliporudi mahali pake.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, kijana alikuwa ameshahamishwa shule nyingine. Mama Seli alikuwa sebuleni akikunja nguo zilizoanuliwa. Binti aliingia na simu mkononi, machozi yanamtoka, akasema amefaulu, tena kemia ameongoza shule nzima. Fundi viatu aliacha nyundo, akamnyanyua juu kama mtoto mchanga. Mama Seli alimkumbatia kwa nguvu. Halafu akamwachia, akamtazama.

"Umempigia nani kwanza?"

Fundi viatu akajifanya anatafuta misumari.

"Yeye, mama."

"Amesemaje?"

"Amelia."

Mama Seli aliokota shati la mumewe, akalikunja, akalikunjua, akalikunja upya. "Imenichoma," akasema.

"Najua," binti akasema. Akaketi sakafuni karibu na miguu yake, akavuta shuka lililobaki, akashika ncha mbili. Mama akashika ncha mbili nyingine, wakaanza kulikunja.